Breki ya Mkono wa Kulia

Bonde la mto Loire, Ufaransa
21 Aprili 2024

Mjomba Filbert,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na mvua hizi? Na yule paka wa dukani, bado analala kwenye boksi la pedeli? Mimi mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi. Kwa kuwa simu yako ni ya tochi, nitakuwa naandika kwenye karatasi, napiga picha, namtumia Moza wa steshenari. Mwambie akuchapie kwa ukubwa, miwani yako naijua.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni inakodisha baiskeli kwa wazee wa Kizungu wanaotaka kutembea kando ya mto. Kuna njia ndefu, siku nne hujaimaliza, na hakuna gari hata moja. Wala pikipiki. Zamani treni ilipita hapo, wakang'oa reli wakamwaga lami. Upande huu mto, upande huu mizabibu, imepangwa kama wanafunzi mstarini. Mjomba, utacheka: wanaendesha baiskeli bila mzigo! Hakuna mayai, hakuna mkaa, hakuna tenga la samaki wa Feri. Hata mabegi yao yanatangulia na gari. Wanafika kijijini, wanakunywa mvinyo, wanalala, kesho wanapanda tena. Nilimuuliza bosi kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili, hawa wanaenda wapi? Akasema hawaendi popote.

Mimi naosha, naziba pancha, natia cheni mafuta. Breki anafunga fundi mkubwa. Huku breki ya mbele iko mkono wa kushoto, baiskeli zote, kama zile za mtumba tunazozigeuza tukishusha kontena. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nikashika spana nianze kugeuza. Bosi alipiga kelele utadhani nimechukua pochi yake. Sasa amenichorea mkono wa kushoto ukutani ili nisisahau.

Kibali changu kinaisha Oktoba. Amesema msimu ukipita bila mteja kulalamika ataniandikia mkataba wa miaka mitatu, na Krismasi nitakuja kumwona mama kisha nirudi. Sitaki kitu kingine zaidi ya hicho.

Mpwa wako,
Tarsis


Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo
3 Mei 2024

Mpwa wangu Tarsis,

Marahaba. Kifua kilinibana wiki mbili, sasa nimesimama, nashukuru. Paka amezaa humo humo kwenye pedeli. Kila anayetaka pedeli namwambia asubiri watoto wafumbue macho.

Barua yako nilimsomea Shaibu. Alikuwa amesimama na mkokoteni wa marobota, jasho linamchuruzika mpaka kwenye ndala. Akasema, "Mzee, waambie waje hapa Mkunguni. Nitawakodisha mkokoteni, wachoke kisawasawa!" Tulicheka mpaka mwenye duka akachungulia.

Hiyo ya breki ishike. Nakujua. Ulipokuja kutoka Ndanda hukujua kufunga hata kengele, na kila ulipopeleka waya wa mbele kushoto nilikupiga spoki vidoleni. Nilikuwa sikuonei. Muuza mayai wa Dar, ana trei kumi nyuma yake, anaujua mkono wa kulia tu. Ukimgeuzia, umemuua. Sasa huko ni kinyume, basi fuata ya huko. Ila kile kipande cha mpira wa valvu cha kuvisha ncha ya waya usikiache. Waya uliochanuka kama ufagio ni aibu ya fundi popote pale.

Dada yangu Hyasinta amepiga simu mara tatu. Anasema Krismasi atakuja mwenyewe Dar kukupokea, hataki kusubiri basi likulete kijijini. Kwetu unajua ilivyo, mtoto ni wa mjomba. Ukipotea, baba yako hataulizwa. Nitaulizwa mimi.

Mjomba wako,
Filbert


Bonde la Loire
7 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini vitoto vya paka vimefumbua macho na watu wamepata pedeli. Hapa joto limeingia, jua linazama saa nne usiku, kwa hiyo kazi nayo haizami.

Fundi mkubwa ameteguka bega, amerudi kwao. Nimebaki peke yangu na baiskeli sitini. Zinarudi jioni, zinatakiwa asubuhi. Bosi ananipiga bega anasema vizuri, vizuri, halafu analeta nyingine. Usingizi naupatia kwenye kiti. Wageni wanaiona njia, mimi naiona matope yake kwenye mataili. Nimeipita mara moja tu, Jumapili, kilomita kumi. Ilikuwa kimya, mjomba. Hakuna honi, hakuna mtu wa kukuambia pisha. Nilisikia cheni yangu mwenyewe. Nilifikiri nitafurahi, nikajikuta naitafuta kelele ya Mkunguni.

Kuna bibi mmoja, Klara, ana miaka sabini na moja. Anakuja kila mwaka tangu mumewe afariki, na kila mwaka anaomba baiskeli ya kijani namba 41. Aliona ule mpira wa valvu kwenye ncha ya waya, akauliza ni nini. Nikamwambia ni desturi ya kwetu, mjomba wangu ndiye aliyenifundisha. Akasema mwambie mjomba ahsante. Basi nimekwambia. Mwezi wa nane anarudi tena na dada yake.

Mkataba bosi ameutaja tena. Hakuna lalamiko hata moja mpaka leo.

Mpwa wako,
Tarsis


Bonde la Loire
19 Agosti 2024

Mjomba shikamoo,

Sitauliza hali, unisamehe.

Yule bibi Klara ameanguka. Kuna mahali njia inatoka kwenye mizabibu inashuka mtoni, na chini kuna daraja la mawe. Alibana breki ya kulia apunguze mwendo. Ya kulia huku ni ya nyuma. Yake ilikuwa ya mbele. Gurudumu likasimama yeye akaendelea. Yuko hospitali, hasemi.

Usiku wa kuamkia siku ile nilibadilisha nyaya za baiskeli thelathini. Ishirini na tisa nilifunga kushoto, nimezikagua zote, ziko sawa. Ya mwisho ilikuwa 41. Niliiacha ya mwisho kwa makusudi, niifanye vizuri kwa sababu ni yake. Sikumbuki kuifunga. Mchoro uko ukutani mbele ya uso wangu, mikono ikajifanyia ya kwake. Hata mpira wa valvu nimeuvisha, vizuri kabisa.

Bosi bado hajui ni kosa gani. Anafikiri bibi alishtuka. Alhamisi polisi wanakuja kuifungua baiskeli. Niseme? Ninyamaze? Nikisema, mkataba umekwisha, na labda jela. Mwenzangu mmoja wa gari la mabegi anasema niondoke kabla, kuna mashamba ya zabibu kusini, hawaulizi karatasi. Nijibu haraka mjomba. Kabla ya Alhamisi. Nitafanya utakalosema.

Tarsis


Mtaa wa Mkunguni
31 Agosti 2024

Tarsis mwanangu,

Leo ndiyo nimeisoma barua yako. Moza alikwenda Kilwa kwenye harusi ya mdogo wake, simu ikamwangukia majini siku ya kufika. Amerudi jana, amepata simu nyingine, barua ikaingia. Alinikimbilia na karatasi bila ndala miguuni. Siku zote hizo mimi nilikuwa hapa nabishana na watu kuhusu bei ya tairi.

Alhamisi imepita. Sijui umefanya nini. Naandika hivyo hivyo.

Usikimbie. Kama uko kwa bosi, kaa hapo hapo. Kama umetoka, rudi. Waambie ukweli wote, jinsi ulivyochoka, baiskeli sitini na mtu mmoja. Halafu waambie hivi: mjomba wangu alinipiga spoki kwenye vidole miaka mitano mpaka vidole vikaacha kuniuliza. Waandike jina langu. Filbert, fundi baiskeli, Mtaa wa Mkunguni, chini ya jengo la rangi ya bluu. Mimi siogopi polisi wa Ufaransa. Na huyo bibi, nenda hospitali, simama mbele yake. Kama hasemi, simama hivyo hivyo.

Nakumbuka uliponiuliza, "Mjomba, kwa nini kulia?" Nikakujibu, "Kwa sababu nimesema." Mimi mwenyewe nilipigwa hivyo hivyo nikajifunza.

Nijibu hata neno moja.

Mjomba wako,
Filbert


Sijui pa kuandika
29 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumia simu ya mtu, usijibu hapa.

Nilisubiri mpaka Jumatano usiku. Nilifikiri umekasirika hutaki kuniandikia. Asubuhi nikaondoka. Nilipita kwa miguu kwenye ile ile njia, maana barabarani wangeniona. Kilomita ishirini na nane. Nilivuka lile daraja. Kuna mtu alikuwa ameweka maua.

Barua yako nimeipata wiki iliyopita, laini ilipowaka. Nimeisoma kama mara kumi. Rudi, unasema. Mjomba, bibi alikuwa ameshafariki siku ile ile niliyokuandikia, mimi sikujua. Nirudi kwa nani? Na anayekimbia hapa anahesabiwa kuwa alifanya kwa kusudi. Nimeitupa laini.

Nakata zabibu. Tunalala watu tisa kwenye banda la trekta. Zikiisha hizi sijui. Mgongo umekuwa wa mzee. Baiskeli sijagusa tena, zinapita ng'ambo ya mizabibu, wale wazee wanatupungia mkono. Wenzangu nao wanawapungia. Mimi nainama.

Mama mwambie nimechelewa tu. Usimwambie lingine.

Tarsis


Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo
23 Aprili 2025

Mpwa wangu Tarsis,

Popote ulipo, nakujulia hali. Mimi kifua kile kile. Moza ameituma kila barua niliyokuandikia tangu Oktoba, kwa namba yako na kwa ile ya huyo mtu, anasema haziendi, zinakaa na tiki moja. Hii nayo atajaribu. Nimemwambia hata isipokwenda aipige picha.

Mama yako alikuja Krismasi kama alivyosema. Alibeba korosho alizokuchagulia mwenyewe moja moja. Nilimwambia umechelewa. Akasema, basi nitasubiri. Januari ikapita. Nikamwambia dada, rudi, shamba linaota majani. Akasema shamba lina mwenyewe, mimi nimekuja kuchukua mtoto. Mchana anakaa kwenye kile kiti chako cha chuma mlangoni, watu wanampisha. Korosho zile hakuna aliyeruhusiwa kuonja, hata Shaibu.

Juzi Jumatatu ya Pasaka tulishusha kontena. Za Ufaransa. Zilikuwa baiskeli mia na kitu zimelaliana, usukani umepindishwa, kama kawaida. Nilizitoa mpaka chini kabisa nikaona kijani. Nikafuta vumbi. Arobaini na moja. Gurudumu la mbele limejikunja kama chapati. Nikafuata waya wa mbele kwa kidole. Unakwenda kulia. Na kwenye ncha, mpira wa valvu, umekatwa mshazari kama ninavyokata mimi.

Nadhani bosi wako polisi walimrudishia, akauza chakavu zote kwa mkupuo.

Nilikaa chini pale pale kwenye lami. Mkokoteni mmoja ulinizunguka, mtu akasema, "Mzee, si unagongwa!" Dada yangu akaja kuuliza nina nini. Sikuweza kutunga tena, Tarsis. Nimemwambia yote. Bibi, daraja, banda, laini uliyoitupa. Nikamwambia kuhusu spoki. Nikasema, dada, mkono uliofunga huu waya ni wa mwanao, aliyeufundisha ni mimi, niulize sasa.

Hakuniuliza. Aliuliza breki iko wapi, maana baiskeli hajawahi kupanda maisha yake. Nikamwonyesha. Akaweka mkono wa kulia akaibana. Akabaki ameibana. Mwenye duka akaita, Moza akaja na maji, magari yakapiga honi tuondoe mali barabarani. Nikamwambia dada, achia sasa.

Hakuachia.

Mjomba wako,
Filbert