Ubao wa Matundu kwa Mkono wa Salma

Jumamosi. Ukungu umekaa juu ya Mkunya mpaka saa nne, ule wa baridi unaolowesha kanga iliyoanikwa badala ya kuikausha. Sasa jua limechungulia kidogo. Nimekaa mkekani nyuma ya nyumba, muhogo nimemenya nusu, nusu unanisubiri, maana moyo haujatulia, na usipotulia huwa naandika.

Si woga leo. Au ni woga uliochanganyika na kitu kingine. Ngoja nieleze taratibu.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba niliishia darasa la nne, na ukurasa huu alinifungulia binti wa mdogo wangu kwenye simu. Nikikosea mnisamehe. Wageni niwaambie: Salma ni mtoto wangu wa kwanza, ndiyo maana naitwa Mama Salma. Ni fundi. Anatengeneza pikipiki na zile mashine za mgongoni za kupulizia mikorosho dawa. Gereji yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye mlango mpana wa bati unaotazama barabara. Msimu uliopita mnyororo wa pikipiki ulimshika mkono wa kulia. Vidole vitatu vilikwenda. Vilivyobaki havikunji.

Jeraha lilipona. Lakini gerejini hakurudi.

Siku moja alidhani nimekwenda bombani. Nilikuta foleni ndefu, nikarudi na ndoo tupu, nikamwona amepiga magoti mbele ya boksi lake la vifaa, lile boksi refu la bati ambamo kila kitu kimelala juu ya mwenzake. Anatafuta spana moja kwa mkono wa kushoto. Mwenye mikono miwili, mmoja unafukua na mwingine unazuia. Yeye kila alichokiinua, kingine kiliporomoka kikafukia. Mwishowe akalisukuma lile boksi, likapinduka, vyuma vikamwagika sakafuni, na yeye akakaa katikati ya vyuma. Hakulia. Angelia ningeingia nimkumbatie. Nikarudi kinyumenyume na ndoo yangu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Mtoto akikohoa mara moja, nimeshamchemshia majani ya mwarobaini na kuanza kuomba dua. Toka siku ile nikawa najiuliza neno moja tu: Salma akiacha ufundi, atakuwa nani? Kwa sababu kabla ya mkono ule, mtu akiuliza njia ya kuja kwetu aliambiwa, "Nenda kwa fundi Salma." Sasa wanasema, "Pale kwa yule binti aliyeumia."

Jibu nililiona Masasi.

Nilikwenda kumtazama mdogo wangu anayekaa Lisekese, huko huko Masasi, amejifungua, na siku aliyopata nguvu ya kutoka tukapita mjini kwenye duka la vifaa. Ukutani nyuma ya muuzaji kila kitu kimening'inia kwenye ubao uliojaa matundu, mistari imenyooka kama karanga zilizopandwa kwa kamba, kila kifaa na kulabu yake. Muuzaji, mama mmoja mnene mcheshi, alikuwa ameshika simu sikioni kwa mkono mmoja. Mkono mwingine akaunyoosha nyuma, akatungua bisibisi, akamkabidhi mteja. Hata shingo hakugeuza.

Mkono mmoja!

Nilisimama pale mpaka mdogo wangu akanivuta kanga.

Ubao wenyewe kumbe uko wa namna namna. Kwanza akanitolea wa kahawia, mwembamba, mwepesi, unabebeka hata kichwani. Nikaupenda papo hapo. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Mkunya, Newala. Akacheka. "Mama, kwa ukungu wenu ule? Huu utavimba kama andazi, matundu yatafumba." Akatoa mwingine wa bati nene lililopakwa rangi nyeusi. Huo haunywi maji, ila mzito kweli. Mdogo wangu akaninong'oneza kwamba yote hayo ya nini, chukua mbao, gonga misumari, kila spana na msumari wake, basi yameisha.

Nilitaka kumsikiliza. Msumari ni rahisi. Lakini msumari ukishaupiga umeshaamua, na mimi nitaamua nini? Sijui mkono wa Salma utafika wapi. Yeye mwenyewe hajui. Leo labda unafika hapa, mwakani ukafika pale. Kulabu ya ubao wa matundu unaing'oa, unaipachika tundu la jirani, wala ukuta haubaki na kovu. Nikachukua wa bati. Mdogo wangu alininunia mpaka stendi.

Baba Salma aliupiga ukutani, ukalala kwenye tofali ukabana kabisa, akarudi nyuma kuisifia kazi yake. Kulabu ya kwanza ikakataa kuingia. Ya pili ikakataa. Kumbe kulabu inataka ipite kwenye tundu halafu ijikunje kwa nyuma, na kwa nyuma kuna ukuta. Akaufungua wote, huku akiuambia ubao maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, akaweka vipande vya mbao nyuma yake ili uachane na ukuta kidogo. Ndipo ukakubali. Nilimcheka sana mume wangu. Sikujua na mimi nimebana kitu ukutani vilevile.

Maana kupanga nilipanga mimi. Spana kuanzia ndogo hadi kubwa, kama ninavyopanga sufuria zangu. Nyundo chini kabisa isije ikamwangukia. Vyote upande wa kulia, karibu na mlango wa ndani, ili akitoka chumbani avikute hapo hapo asihangaike. Halafu, kwa kuwa ubao ni mweusi kama ule niliouacha darasa la nne, nikachukua chaki nikazungushia kila kifaa mchoro wake, ajue nini kinakaa wapi. Nilichora kwa ulimi nje, kama mtoto.

Salma alipita, akatazama, akasema, "Ahsante, Mama, pamependeza." Kama mgeni aliyekaribishwa chai asiyoitaka. Akaingia ndani.

Nikamfuata. Nikamuuliza kosa liko wapi. Akasema, "Mama, hata nikitengeneza. Nitampaje mtu kitu chake? Kwa huu?" Akauinua mkono wa kushoto.

Kwetu humpi mtu kitu kwa kushoto, ni kumtukana. Nami ndiye niliyemfundisha. Alipokuwa mdogo, akinyoosha wa kushoto kupokea kitumbua, nilikirudisha nyuma kile kitumbua mpaka abadilishe mkono, na akibadilisha nambusu. Alijifunza upesi sana, Salma wangu.

Ubao wote ule wa Masasi haukuwa na tundu la jambo hilo.

Sasa nije leo. Ukungu ukiwa bado mzito, Baba Tumaini akatokea na mashine yake ya kupulizia mgongoni. Huyu ni Mngoni, alihamia hapa kwa ajili ya korosho, na Mngoni kwetu ni mtani. Babu zao na babu zetu walipigana kwa mikuki, sisi tumebaki kupigana kwa maneno. Mtani anaingia kwako, anabeba kitu, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

"Fundi yuko wapi?"

"Amepumzika," nikasema.

"Amepumzika! Toka korosho za mwaka jana?" Akauona ubao. Akausogelea, akaitungua spana ya plagi, akaitia mfukoni mwa koti, akapaza sauti ya kusikika Newala mjini, kwa lile jina la utani wanalotuitia: "Haya, nyumba ya wala panya haina mwenyewe! Leo naondoka na spana, kesho nafuata nyundo!"

Nilinyoosha mkono nimzuie. Mlango wa ndani ukafunguka.

Salma alitoka na kanga moja, kilemba kimelegea. Hakumtazama Baba Tumaini, alitazama ubao. Pale palipokuwa na spana umebaki mchoro wa chaki mtupu, unaonekana kama pengo la jino.

"We Mngoni! Spana ya plagi hiyo!"

"Umejuaje?"

"Pengo si lile pale? Rudisha! Babu yako aliiba mbuzi, wewe unaiba spana, ukoo mzima hamna haya!"

"Nikurudishie uishike na nini? Vidole si umevila mwenyewe ulipokosa panya?"

Nikaziba mdomo kwa kanga. Tangu aumie, watu wote wanaongea na mwanangu kwa sauti ya msibani, na mimi wa kwanza. Hakuna aliyewahi kuutaja mkono ule waziwazi.

Salma akacheka.

Kile kicheko chake cha zamani, kinachoanzia tumboni. Akacheka mpaka akaegemea fremu ya mlango. "Lete hiyo mashine yako mbovu, mwizi mkubwa wewe."

Baba Tumaini akaiweka spana mezani, na mashine. Salma akaanza. Kiganja cha kulia kinakandamiza mashine isiteleze, kushoto kunafungua. Polepole, lakini kunafungua. Akahitaji bisibisi. Mkono wa kushoto ukavuka kifua, ukaenda kulia kule nilikozipanga mimi, haukufika. Akajipinda. Haukufika. Nikaruka nimpe.

"Mama, acha."

Nikaacha. Akasimama, akaing'oa kulabu ya bisibisi, akaihamishia kushoto, kimo cha bega. Akahamisha ya koleo. Ya spana ya plagi. Nyundo akaitoa kule chini akaitundika juu kabisa, nami nikafumba macho. "Hili si kabati la sufuria, Mama," akasema, wala hakuwa amekasirika.

Mashine ikanguruma, ikatutemea moshi wote watatu. Ilikuwa plagi tu. Akamwekea ya akiba, ile iliyokufa akaishika ampe aende nayo dukani akatafute ya namna hiyo. Mkono wa kushoto ukaishia hewani. Nilimwona anakumbuka. Akajaribu kuihamishia kwenye ule wa kulia, ikamponyoka, ikaanguka.

Baba Tumaini hakuinama kuiokota. Alingoja Salma aiokote mwenyewe, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja juu.

"Lete kwa huo. Sisi Wangoni adabu hatukupewa, si ndivyo mnavyotusema?"

Akampa. Kushoto kwa kushoto. Yule bwana akabeba mashine yake, akaingia kwenye ukungu huku akitusi ukoo wetu mpaka sauti ikapotea. Mungu amjaze korosho mpaka akose magunia.

Nikabaki natazama ubao. Upande wa kulia spana zangu za chaki, mchoro mtupu baada ya mchoro mtupu. Upande wa kushoto vifaa vyenyewe, havina mchoro. Nikachukua kitambaa na chaki. Nilikuwa nakwenda kufuta na kumchorea upya, nimpangie vizuri.

"Mama, chaki."

Alikuwa amenipa mgongo, ameinamia meza, ana grisi shavuni. Mkono wa kushoto ameunyoosha nyuma bila kugeuza shingo, kama yule mama wa Masasi. Chaki ilikuwa kwenye mkono wangu wa kulia. Nikaihamishia wa kushoto, nikampa.

Marehemu mama yangu angeniona angenichapa.

Namsikia huko mbele anagonga kitu. Kabla sijatoka kuja mkekani alikuwa ameshachora vitatu, mistari imepinda kama njia ya kuku, maana mkono ule nao ndiyo kwanza umeingia shule. Wasiwasi wangu haujaisha. Nyundo iko juu mno, na kesho nitaamka nikiiwaza. Ila gerejini siingii mpaka aniite.

Ngoja nimalize muhogo.