Transista Iliyotoka kwa Tata

Morotonga, Mugumu

Kaka yangu Werema,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, basi nimeshika kalamu. Natumaini u mzima, pamoja na wifi Agness na watoto. Sisi tunasogeza siku. Tata, baba yetu, tangu apate kiharusi hajarudiwa na kauli, ila uji anakunywa, na yale macho makali bado anayo.

Kazini kwangu hakuna raha. Oskiloskopu ya Tata, ile mashine yenye kioo cha kijani inayoonyesha mawimbi ya umeme, imezimika. Bila hiyo siwezi kutengeneza redio koli za walinzi wa mashamba wa Machochwe. Juzi tembo waliingia kwa shangazi Sarah, mlinzi akapiga kelele peke yake, wenzake wasijue. Shangazi kabaki na mabua. Mahindi ya wengine bado yako shambani, na redio zao ziko mezani kwangu. Sipati usingizi.

Nilihangaika kutafuta kitabu cha ufundi cha mashine hiyo. Mtandaoni niliahidiwa ndicho, nikafungua nikakuta cha mashine ya kufulia! Mwishowe Okal, fundi mwenzangu wa Migori, alipiga picha kurasa za kitabu cha mzee mmoja mstaafu huko, akanitumia. Nilifurahi kama mtoto.

Unamjua Tata: spea zote alizikwangua namba kwa wembe, mafundi wa Tarime wasimwibie ujuzi. Ikabidi nilinganishe mchoro na bodi, kipande kwa kipande. Transista moja haikufanana na ya kitabuni. Ya asili ilishatolewa, na badala yake kuna ya kuungaunga, imechomelewa kwa mkono wa Tata mwenyewe. Hiyo ndiyo imeungua. Okal anasema ya asili haitengenezwi tena. Ameitafuta mpaka Kisumu, hakuna.

Nilimwonyesha Tata ukurasa ule, nikamuuliza aliipeleka wapi. Aliutazama, kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea picha yako ya ukutani, ile ya siku ulipokwenda sekondari, umepakata redio aliyokupa. Machozi yalimtoka. Na mimi nililia, kaka, sikufichi.

Tulipomzika mama ulisema mbele ya ukoo kwamba Tata hajawahi kukupa kitu chake, kwamba hata redio ile ilikuwa mabaki ya wateja. Kumbe aliing'oa transista kwenye mashine iliyotulisha, ili redio yako iongee, akafanya kazi miaka yote na mashine mgonjwa. Hata ile ya kuungaunga aliikwangua namba, na nadhani hiyo alituficha sisi.

Wifi aliniambia redio bado iko juu ya kabati lenu. Naiomba, kaka, kabla tembo hawajarudi. Ila usiitume kwa basi. Ilete mwenyewe, Tata aipokee mkononi mwako.

Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Shangazi Sarah anakusalimu. Tata hawezi kutuma salamu, lakini nilipomwambia ninayemwandikia ni wewe, alinisogezea taa.

Ni mimi mdogo wako,
Mokami