Matusi Yangu Nayo Yaandikwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Bariadi
Tarehe: 15 Septemba 2025, saa 3:20 asubuhi
Jina: Nyanjige Luhende
Umri: Miaka 47
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mama lishe
Makazi: Somanda, Bariadi

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Hakuna aliyeniita. Nimekuja mwenyewe, na kwenye mkoba nina kanga mbili, mswaki na sabuni. Sababu yake nitaisema mbele.

Namfahamu Philemon Odiwuor mliyemweka ndani tangu juzi. Ni Mkenya, kwao ni Migori. Ni mume wa mdogo wangu Elina, wamefunga ndoa kanisani, wana watoto watatu. Elina na watoto wanaishi hapa Somanda, nyumba ya pili kutoka kwangu. Philemon huja kila msimu kununua mashudu ya pamba, yaani yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta. Anawapelekea watu wa kwao wanaofuga ng'ombe wa maziwa. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na moja na sijawahi kusikia mtu wa hapa akimlalamikia.

Huyu ni shemeji yangu, na kwetu sisi shemeji ni wa kutaniwa. Akinikuta nasonga ugali ananiuliza kama nachanganya saruji. Mimi namuuliza ameingia nchini kwa mlango au kwa dirisha. Tukikaa siku mbili bila kutaniana, Elina anauliza tumegombana nini. Naomba hilo liandikwe vizuri kwa sababu ndilo lililoleta yote haya.

Mnamo tarehe 22 Juni 2025, siku ya Jumapili, mtoto wao Nancy alipata kipaimara. Sherehe ilifanyika nyumbani kwa Elina. Spika zilikuwa za Kasmiri, jirani yetu, yeye kazi yake ni kukodisha spika na kupiga muziki kwenye sherehe. Ilipofika zamu ya familia kusema, ukafanyika utani kama kawaida yetu: shemeji anarusha lake, mwingine anajibu, anayekosa jibu anatoa kreti la soda. Philemon akashika kipaza sauti. Akasema, "Nyinyi Wasukuma, bila Mkenya mashudu yenu mngeyala wenyewe na kachumbari!" Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kasmiri mwenyewe alikuwa anarekodi kwa simu, anafuta machozi kwa bega.

Mimi nikanyang'anya kipaza sauti. Nilimjibu, na nililomjibu nitalitaja mwishoni. Shemeji akakosa neno. Akatoa kreti la soda, watoto wakanywa.

Baada ya hapo mambo ya nje yakaanza kuingia ndani. Kwenye redio kiongozi wa huku akasema wageni wanatunyonya, kesho yake wa kule Kenya akajibu kwamba madereva wetu warudishwe huku. Dereva mmoja wa hapa alirudi kutoka mpakani bila mzigo, anasema alizomewa na watu aliozoea kunywa nao chai. Philemon naye aliniambia kule kwao majirani wanamuuliza ana haja gani na mke wa Tanzania. Nilimwambia, "Waambie ulikosa wa kwenu." Tulicheka, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Niliona na sikuuliza.

Mnamo tarehe 13 Septemba 2025, Jumamosi, majira ya saa kumi jioni, kulikuwa na mkutano wa hadhara karibu na pale ninapouzia chakula. Aliyekuwa anazungumza ni Method Mayunga, anatafuta udiwani. Spika ni za Kasmiri, zilezile za kipaimara. Mimi nilikuwa naosha masufuria.

Method alianza na mambo ya barabara na maji, watu wanapiga miayo. Alipofika kwa wageni wakaamka. Akasema pamba ni jasho letu na faida inavuka mpaka. Halafu akasema, "Sasa msikie wanavyotuona." Kasmiri akabonyeza simu. Nikasikia sauti ya shemeji yangu uwanja mzima, ile ya mashudu na kachumbari, halafu ikakatwa. Hata kicheko hakikuwepo. Method akauliza, "Mashudu anakula nani?" Watu wakajibu, "Ng'ombe!" Akasema, "Basi mmejua nyinyi ni nani kwake. Na leo yuko hapahapa nyuma, ghalani, anapakia."

 Niliacha masufuria kwenye povu nikakimbilia jukwaani. Nilimshika Kasmiri mkono nikamwambia, "Kasmiri, ng'wana wane, mwanangu, piga na sehemu yangu. Wasikie na mimi nilivyomjibu." Hakunitazama. Akasema, "Mama, hiyo hawakuitaka. Nilishaifuta." Nilipanda kushika kipaza sauti, vijana wa ulinzi wakanishusha. Nikapiga kelele kwamba yule ni shemeji yangu, ni utani, mimi ndiye niliyemjibu. Nani anisikie, spika zikiwa upande wao?

Vijana walianza kuondoka makundi makundi kuelekea ghala la mashudu. Method hakuwatuma kwa mdomo, hilo nasema ukweli. Ila aliwaona wanakokwenda na akaendelea kuongelea zahanati.

Nilifika ghalani nikakuta kioo cha mbele cha lori kimepigwa mawe. Lori lina namba za Kenya. Magunia yalikuwa yamepasuliwa, mashudu yamemwagika mpaka barabarani. Philemon walimkalisha chini ameegemea tairi. Elina alikuwa analia anavuta watu mashati, Nancy yuko nyuma yake. Kijana mmoja akachota mashudu kwa mkono akamsogezea Philemon mdomoni. Akamwambia, "Kula wewe kwanza. Kachumbari inakuja." Wengine walimbana mikono. Wawili kati yao wanakula wali kwangu kila siku, mmoja huwa namwongezea mchuzi. Majina yao nimekutajia, afande, na yaandikwe.

Shemeji alikula. Alitafuna huku mwanawe anamtazama. Nilimrukia yule kijana nikamng'ata mkono, hilo nalo andika. Polisi wakafika, wakarusha bomu moja la machozi, watu wakatawanyika. Wakampakia Philemon kwenye gari. Nilishukuru, nilijua wamemwokoa, na kweli walimwokoa.

Jana Jumapili Elina ameambiwa kwamba Method amefungua malalamiko, kwamba mumewe ametukana wananchi wa Tanzania, na kwamba ikithibitika anaweza kurudishwa kwao asikanyage tena hapa. Nancy amefunga madaftari, anauliza wanahamia nchi ipi. 

Nimepita nyumba kwa nyumba kutafuta waliokuwepo kwenye kipaimara. Walikuwa zaidi ya hamsini. Wote walikula pilau, wote walicheka. Leo huyu hakumbuki, yule alikuwa jikoni, mwingine ananiambia, "Mama, ngoja uchaguzi upite." Upite wakati mtu yuko ndani? Nimekasirika mpaka nimekosa usingizi. Basi nimebaki mimi, na mimi ndiye mwenye nusu iliyofutwa.

Umeniuliza nilimjibu nini siku ile. Nilimjibu hivi, kwa kipaza sauti, mbele ya padri: "Nyamaza wewe Mkenya! Ng'ombe uliotuletea kwa mdogo wangu walikuwa wamekonda mpaka kuku wetu waliwahurumia. Na nchi yenu nzima hamna adabu, hata shikamoo hamjui, mnamsalimia mama mkwe 'sasa' kama mnaita mbuzi!" Ndivyo nilivyosema. Kama neno lake ni tusi kwa Watanzania, langu ni tusi kwa Wakenya wote, na langu ni refu zaidi. Kama ni kosa tumefanya wote wawili, siku moja, kwa kipaza sauti kimoja. Ndiyo maana nimekuja na mkoba. Mfungulieni, au mniweke na mimi ndani.

Umeniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo moja. Asubuhi hii nilipofika kaunta, askari aliniruhusu nimwone Philemon kwa dakika chache. Alikuja amevaa shati lilelile la Jumamosi, mdomo umevimba. Nilijua nikilia ataniona, nikaona nimtanie kama siku zote. Nikamwambia, "Mkenya, ugali wa serikali yetu umeuonaje, una saruji?" Nikangoja anijibu. Miaka kumi na moja hajawahi kukosa jibu ila ile siku ya soda.

Akainamisha kichwa. Akasema, "Shikamoo, mama."

Sikuweza kuitikia. Nilitoka nikaja kukaa kwenye benchi lako.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasema kwa mdomo wangu. Nimesomewa na ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: N. Luhende

Maelezo ya mwandishi: Mimi WP Koplo Benedikta nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi. Shahidi alitaka maneno yake ya tarehe 22 Juni asomewe mara mbili, akathibitisha kwamba hakuna lililopunguzwa. Ameelezwa kuwa hashikiliwi na anaweza kwenda nyumbani. Hadi saa 5:40, wakati jalada linapelekwa kwa mkuu wa upelelezi, shahidi bado amekaa kwenye benchi na mkoba wake.