Mzee Kati ya Antena Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Ijumaa mke wangu ana usaili wa kazi, kwa video. Nyumba yetu iko bondeni, mtandao unaishia kwenye paa. Nimemwambia atulie, nina redio ya programu: kidude cha kuchomeka kwenye laptop, kompyuta ndiyo inayokiambia kidake nini na kirushe nini. Antena moja itadaka, nyingine itarusha ndani. Kaguna tu. Mguno wake naujua.

Jumanne, 4 Machi

Hola, haikubali. Nimefunga antena karibu mno — ya kudaka inaisikia ya kurusha, mashine inajijibu yenyewe kama mlevi. Waya ni mfupi, mwingine sina. Nikaweka bati katikati. Hola. Godoro. Hola.

Jioni baba mkwe akapanda paani kuona naharibu nini, akasimama katikati na koti lake zito. Mtandao ukajaa! Kumbe mwili wake unazikinga antena zisisikizane. Akashuka, ukafa. Akapanda, ukajaa. Nikajaribu kusimama mimi. Mke wangu akasema nimekonda mpaka redio imeona.

Jumatano, 5 Machi

Mzee kakubali kusimama Ijumaa. Kadai kiti, lakini akikaa mawimbi yanampita juu ya kichwa. Basi atasimama.

Tatizo: akiamkiwa na wapita njia, anageuka mwili mzima kuitikia. Salamu haiitikiwi kwa bega, anasema. Akigeuka tu, video inaganda. Nimeuomba mtaa mzima usimwamkie Ijumaa. Fundi cherehani kaniuliza mzee amekosa nini.

Ijumaa, 7 Machi

Niko paani, nalinda laptop. Usaili umeanza. Namsikia mke wangu dirishani, anajibu vizuri. Watu wanapita kimya, vichwa chini, utadhani tuna msiba. Mzee kanyong'onyea. Naona aibu, kusema kweli.

Sasa wanamuuliza mke wangu ataanza lini. Kazi hiyo imeiva!

Kuna mtu amesimama chini — mdogo wake mzee. Hawajasemeshana tangu wagombee nyumba ya mama yao, kabla sijamwoa binti wa mzee. Huyo sikumwomba chochote. Nani angedhani? Amevua kofia.

"Shikamoo, kaka."

Mzee hajageuka. Ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, bado sana?"

Sijui. Mke wangu bado anaongea. Mdogo wake mzee anavaa kofia.