Chupa za Nahodha wa Zamani

Jumapili, 8 Septemba

Yameanza! Siku nane za mashindano ya baiskeli, na mdogo wangu yumo!

Leo si siku ya kazi lakini bosi kafungua karakana yetu ya makochi makusudi, maana televisheni iko huko. Bosi tunamwita Sponji, kwa ajili ya tumbo, ila si mbele yake. Tulijipanga wote kwenye kochi la mteja ambalo hata kitambaa sijalivisha. Akijua atatuua.

Mdogo wangu si wa kushinda. Kazi yake ni maji. Anarudi nyuma hadi kwenye gari la timu, anajaza chupa ndani ya jezi mpaka anaota kibiongo, kisha anakanyaga kwa nguvu kuwafuata wenzake na kumpelekea nahodha. Mashabiki wanamwita Punda. Zamani nilikuwa nataka kupigana na mtu. Siku hizi na mimi napayuka, Punda! Punda!

Mwaka huu kahama. Katoka timu ya wekundu, yuko timu ya kijani. Mkataba unaisha msimu huu, na meneja kamwambia: maliza mashindano haya, tutakuongezea miaka miwili. Neno ni hilo, *maliza*. Wifi yangu ana mimba kubwa, na nyumba nzima inaliombea neno hilo.

Leo kafika katikati ya kundi. Salama.

Jumatatu, 9 Septemba

Kaanguka.

Mvua, kona, mmoja kateleza, wote wakarundikana. Yeye alikuwa chini kabisa! Nilimjua kwa viatu. Sponji kanishika bega na mimi nimeuma kipande cha kitambaa cha watu.

Akainuka. Akazunguka kidogo kama anatafuta kitu. Kofia imepasuka, wakampa nyingine. Daktari wa timu alitoa kichwa dirishani kwenye gari, akamuuliza mambo mawili matatu huku wanakwenda, basi. Mtangazaji akasema huyu ndiye mwanamume, kapanda tena! Karakana nzima ikasimama kupiga makofi.

Na mimi nilipiga. Mikono iliniuma kwa kupiga.

Jumanne, 10 Septemba

Kanipigia simu mchana, wakati nakula. Furaha! Kauliza, mama kapona jino? Nikamwambia jino limeng'olewa, anakula vizuri, anagombana na kila mtu, mzima kabisa. Akacheka. Akanisimulia chumba cha hoteli, mwenzake anavyokoroma.

Halafu akauliza, mama kapona jino?

Nikadhani mtandao. Nikarudia. Tukaongea kuhusu wifi. Akauliza tena, eti, dada, na lile jino la mama?

Nikamwambia, wewe, umeniuliza mara ya tatu hii. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha tangu utotoni akivunja kitu. Akasema kichwa kinauma kidogo. Mwanga unamsumbua. Ule mstari mweupe wa barabara anauona miwili — “lakini usijali dada, nafuata wa kulia.”

Nafuata wa kulia! Mungu wangu.

Nikasema mwambie daktari. Akasema nikimwambia, leo leo niko nyumbani, na mkataba kwaheri. Akaniapisha nisimwambie mtu. Kwa kaburi la baba. Na mimi, mdomo huu mwepesi, nikaapa.

Jumatano, 11 Septemba

Sijui niandike vipi.

Siku ilikuwa ya joto. Punda karudi nyuma hadi kwenye gari la timu yake, kajaza chupa, mgongo umetuna, kalipita kundi lote akihema. Kamera ikamfuata, maana watu wanampenda. Akafika mbele. Akampita nahodha wake, yule wa kijani. Akaenda moja kwa moja kwa nahodha wa wekundu, akatoa chupa, akampa. Ya kwanza. Ya pili. Akampiga mgongoni kidogo kama alivyokuwa akifanya miaka yote ile.

Yule bwana alimtazama, akanywa! Angefanya nini, joto lile.

Mtangazaji alicheka hadi akakohoa. Eti Punda kasahau kwamba kahama zizi! Eti mapenzi ya zamani hayafi! Sponji machozi yalimtoka, akaanguka kwenye gunia la sufi. Mafundi wote hoi. Wakarudia picha ile taratibu, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara kicheko kipya.

Mimi nilikuwa naangalia uso wake. Alikuwa ametulia kabisa. Mtu aliyekosea angeshtuka. Yeye hakujua kama kakosea.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya karakana. Sponji kanifuata, akasema, wewe fundi, utani tu huo, mbona umenuna? Nikasema moshi wa gundi.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeshona mto wa kochi nje ndani. Fundi mimi!

Simu yake inaita, hapokei.

Mama kaja jioni kunieleza habari za jirani aliyeficha kikohozi mpaka wakambeba. “Mficha maradhi, kifo humuumbua,” kasema, na huku anabandua nyuzi kwenye gauni langu. Hajui kitu, maskini. Nilitamani anifinye kama zamani, niseme yote.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekwenda kwa wifi. Nimemkuta anakunja vinguo vya mtoto, vidogo hivyo, kama vya mwanasesere. Nikamwambia yote, kiapo na yote.

Alikuwa anajua! Mumewe kamuuliza mara mbili mimba ina miezi mingapi.

Nikasema basi wewe ndiye mkewe, piga simu kwa daktari. Akanijia juu. Kwamba mimi ni shabiki tu, nakaa kwenye kochi nashangilia, sijui alivyonyanyaswa kufika pale. Kwamba kesho ni mlima, keshokutwa tambarare, imekwisha. “Siku mbili tu, wifi. Mbili! Usimtilie mchanga kwenye pilau yake.”

Na kweli, nusura nikubali. Siku mbili ni nini? Nikajiona nimeshainuka, nimeshaaga. Halafu nikauliza: huo mlima wa kesho, ukishafika juu, kuna nini?

Anajua, sote tunajua. Kuna mteremko, kona juu ya kona, wanashuka kwa kasi ya gari. Na yeye anafuata mstari wa kulia.

Akaniambia nitoke kwake. Nikatoka. Nilipofika mlangoni nilisikia analia, sikurudi. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa pia.

Jumamosi, 14 Septemba

Nipo juu mlimani. Naandika nimekaa nyuma ya pikapu ya Sponji, kuipa mikono kazi. Yeye kavaa kofia ya kijani, kachora punda kwenye shuka la mkewe. Nitamwambia ukweli baadaye.

Baridi. Watu wamejaa pande zote mbili.

Hatua chache kutoka hapa kasimama mchua misuli wa timu yao, jamaa mrefu, ana mifuko ya chakula na chupa, na redio kiunoni. Nilimzunguka kama kuku anayetaka kutaga. Mwisho nikamwendea. Nikasema mimi ni dada yake Punda, mdogo wangu haoni sawasawa. Akatabasamu, akasema, dada, mashabiki wote mwaka huu mmekuwa madaktari.

Nikamwambia, zile chupa za Jumatano nani alijaza?

Tabasamu likaisha. Ni yeye aliyejaza. Akasema, sisi tulicheka tu. Tulicheka gari zima.

Nikasema yote. Jino, mstari, kaburi la baba. Baba anisamehe. Akachukua redio, akageuka pembeni, akaongea maneno machache. Akarudi akasema daktari yuko gari la pili, anakuja nyuma ya kundi la mwisho. Atamsimamisha hapa hapa juu, kabla ya mteremko. Tatizo, mdogo wako akiliona gari la daktari atakimbia, tunamjua. Akikuona wewe atasimama?

Nikasema atasimama.

Akanipa chupa. Utampa hii, kasema, akishika breki tu, sisi tumefika.

Wifi kapiga simu sasa hivi. Kauliza, umeshasema? Nikasema nimeshasema. Kakata. Sijui ni shukrani au ndiyo basi tena, undugu umekwisha.

Wa mbele wamepita zamani. Kundi kubwa limepita, kijani wenzake wamo, yeye hayumo. Sponji anazidi kupayuka jina lake kwa watu wasiomjua.

Yule pale! Kona ya chini, peke yake, anayumba upande wa kulia kabisa, karibu na majani. Gari la daktari liko nyuma yake mbali kidogo. Kaniona! Anacheka, mjinga huyu, kaachia usukani ananipungia mkono.

Chupa iko hapa mapajani. Inabidi nisimame