Method Ndiye Anayetupa Sasa

Mchikichini, Dar es Salaam
Jumanne

Kaka Bakari,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, mpe Baba shikamoo yangu, umwekee na mto mgongoni akae vizuri, maana leo nina maneno mengi. Mkono wake unaendeleaje? Mama mdogo aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi anashika kikombe mwenyewe bila kusaidiwa. Nilikuwa namtajia mteja bei ya raba, furaha ikanizidi, nikampunguzia kabla hajaomba. Wewe je, mgongo umeshazoea jembe? Shemeji Halima na mtoto hawajambo? Mimi ni mzima. Masika yalinipa mafua ya wiki nzima lakini yamekwisha, na kizimba chetu cha viatu pale sokoni hakikuingia maji. Jirani yetu Mama Asha anakuja huko Newala kwenye harusi ya mdogo wake, ndiye niliyempa barua hii pamoja na viatu vya Baba, vile laini visivyo na kamba, asihangaike kufunga.

Kila ukipiga simu unaniuliza, "Timu vipi?" Mimi najibu, "Ipo poa." Halafu mtandao unakata, au mteja anakuja, yanaishia hapo. Ukweli ni kwamba haikuwa poa. Ligi imefika nusu, tumepewa mapumziko, na mimi nimepata muda wa kuyafikiria yote yaliyotokea tangu uondoke. Nimeona nikuandikie, uyasome kwa utulivu wako.

Msomee na Baba, ingawa najua atasema besiboli ni mchezo wa watu wazima kufukuzana na gongo. Mkumbushe tu kwamba wewe ulikuwa mtupaji wetu, unasimama katikati juu ya kichuguu cha udongo, unamtupia mpira mpigaji wa timu nyingine ili aukose. Mimi ndiye mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na glovu kubwa, nakuonyesha kwa vidole aina ya mpira ninaoutaka. Ukimtupia mtu mipira minne ya ovyo, anapewa besi ya bure, yaani anasogea kituo kimoja mbele, anatembea tu. Akiyajua hayo atafuata habari yote.

Nianze na mazuri. Unamkumbuka Jayesh, yule kijana wa Kihindi ambaye familia yao ina duka la vyombo Kariakoo? Alijiunga nasi wiki chache kabla hujaondoka, ukasema huyu ana kriketi kichwani, atatusumbua. Kweli alitusumbua. Akishapiga mpira anabaki na gongo mkononi anakimbia nalo, sisi wote tunapiga kelele, "Tupa gongo, Jay! Tupa!" Sasa hivi ndiye mpigaji wetu bora. Ile mipira ya chini ambayo wengine tunapiga hewa, yeye anainama kidogo anaichota. Mama yake hutuletea vichapati vyembamba vya viungo na achari ya embe siku za mechi. Kassimu wa besi ya kwanza anavila kuliko wote, na tangu aoe amekuwa mzito kiasi kwamba akipiga mpira mzuri kabisa bado tunakaa roho juu kama atafika.

Sasa Method.

Utakuwa unamkumbuka kama yule mrefu wa benchi, mtu wa Mbinga, anayesukuma mkokoteni Kariakoo. Ulipoondoka, Kocha Ngonyani alimpa nafasi yako kwa sababu hakuna mwingine mwenye nguvu za mkono kama zake. Kaka, mwanzo ulikuwa mbaya. Mechi ya kwanza aligawa besi za bure mpaka wapinzani wakawa wanatembea uwanjani kama watu wanaozunguka Kariakoo kuulizia bei. Mechi ya pili alimgonga mpigaji begani, ikabidi tumwombe radhi timu nzima. Tulifungwa, tukafungwa tena. Mazoezini pale Jangwani, vijana wa mpira wa miguu wanaokaa upande wa pili wa uwanja walikuwa wakituona tunatoka na magongo yetu kwenye matope wanauliza, "Oya, wawindaji, leo mmepata nini?"

Watu walianza kusema. Kassimu alisema wazi mbele yake, "Angekuwepo Bakari tusingekuwa hapa." Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu, nikaendelea kufunga.

Niliamini shida ni yeye. Nilikuwa naonyesha vidole viwili, nataka ule mpira wako unaokuja kama unaelekea kifuani halafu unadondoka magotini. Method anaitikia kwa kichwa, anatupa, mpira unaenda kwenye majani. Naonyesha tena viwili. Unaenda tena. Mimi nainuka nimekasirika, naufuata mpira, narudi, naonyesha viwili.

Siku tuliyofungwa vibaya kuliko siku zote, alishuka kichuguuni katikati ya mchezo akanifuata. Mwamuzi anamwita arudi, hasikii. Akaniwekea mpira kwenye glovu, akasema kwa sauti ya chini tu, "Issa, hivi unanidaka mimi au unamdaka Bakari?"

Nikamwambia, "Rudi ukatupe."

"Nijibu kwanza."

Nikamrudishia mpira. Akatoka uwanjani, akavaa shati lake, akaondoka. Tulimaliza mechi ile Kocha mwenyewe akichagua mtu yeyote tu wa kutupa.

Nilirudi chumbani na hasira, nikasema huyu hana heshima. Lakini swali halikuondoka. Nilikuwa nakaanga mayai, lipo. Nimekaa kizimbani napanga viatu, lipo. Wewe nilikudaka miaka yote ile, Kaka. Mkono wangu ulishajua mpira utafika wapi kabla hujautoa. Nikagundua kwamba tangu msimu uanze sijawahi hata siku moja kumuuliza Method anaweza kutupa nini. Nilikuwa namwekea glovu pale ambapo ungetupa wewe, halafu namlaumu kwa kutofika.

Jumatatu nikamwomba Mama Asha aniangalizie kizimba, nikaenda Kariakoo kumtafuta. Nilimkuta anashusha majora ya vitambaa kwenye mkokoteni, jasho limelowesha mgongo wote. Aliponiona akasema, "Kama Kocha amekutuma, mwambie sirudi."

"Sijatumwa. Umekula?"

"Bado."

Tukaenda kwa mama lishe, tukaagiza wali maharage. Alikula nusu sahani. Kisha akasema, "Ukininyooshea vile vidole viwili, naitikia tu. Huo mpira siujui. Nimejaribu mwenyewe ukutani kule ninakokaa, mpaka mwenye nyumba akaja juu. Sijui Bakari anaushikaje."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambieje? Kila mtu anamtaja Bakari. Na wewe ni mdogo wake."

Nikamuuliza, "Wewe unapenda kutupa upi?"

Akaniangalia kama vile anatafuta mtego ulipo. "Wa moja kwa moja. Kwa nguvu. Huo ukiniachia, nauweka popote unapotaka."

"Popote?"

"Juu, chini, ndani, nje. Popote, mwanangu."

Basi tukakubaliana vidole viwili vife. Kidole kimoja tu, na glovu yangu itamwonyesha wapi. Nikamwomba msamaha pia, si kwa maneno mengi. Nilisema, "Nilikuwa sikuoni." Akasema, "Yameisha," akamwita mama lishe amwongezee maharage.

Tulifanya mazoezi wawili tu jioni za wiki ile, sehemu ya juu kidogo ambapo maji yalikuwa yameondoka. Kiganja changu kilivimba, Kaka. Mpira wake ni mzito. Wako ulikuwa unakuja kama mtu anayebisha hodi, wa huyu unaingia na mlango. Wiki iliyofuata tukashinda. Iliyofuata tukashindwa, lakini kwa kidogo, na besi za bure aligawa chache. Halafu ikaja mechi ya mwisho kabla ya mapumziko, dhidi ya wale wanaoongoza ligi, wale waliokuwa wakikuogopa wewe.

Tulikuwa mbele kwa pointi moja, wao wamebakiza mtu mmoja tu wa kupiga, na besi zote tatu zina watu wao. Akaja yule mpigaji wao mfupi mwenye mapaja makubwa. Unamjua. Wewe ulikuwa unammaliza kwa mpira wa kudondoka, kila mara. Na mimi, Kaka, bila kufikiri, nikanyoosha vidole viwili.

Method akatikisa kichwa. Hakukasirika, alitabasamu kidogo. Nikakunja kimoja, nikaiweka glovu juu, karibu na kifua cha mpigaji. Method akapumua, akatupa. Yule bwana akaupiga, ukapaa juu sana, kule nyuma alikokuwa Jayesh. Jayesh akarudi nyuma, akarudi, akaivua glovu akaitupa chini! Sote tukapiga ukelele. Akaudaka kwa viganja vitupu, kama walivyokuwa wakifanya kwenye kriketi yao, akauinua juu. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini mpigaji ametoka, basi tukawa tumeshinda. Kassimu alikimbia kutoka besi ya kwanza mpaka kule kumkumbatia, na sijawahi kumwona akikimbia vile hata anapofukuzwa.

Kwa hiyo tumeingia mapumziko tukiwa katikati ya msimamo. Si juu, si chini. Kwa tulivyoanza, ni kitu kikubwa.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, na kama utaona vema, usimsomee Baba mpaka uwe umeshasoma mwenyewe.

Baada ya mechi ile Kocha aliniita pembeni. Akasema anatakiwa kupeleka majina ya wachezaji wa nusu ya pili, na nafasi iliyobaki ni moja. Akauliza, "Bakari anarudi lini? Nimwandike yeye, au nimchukue kijana mwingine wa kumsaidia Method?" Ningeweza kumwambia asubiri nikupigie. Simu ilikuwa mfukoni. Nikamwambia, "Chukua mtu mwingine. Bakari harudi msimu huu."

Nilisema bila kukuuliza. Nilijua nikikuuliza utasema, "Mwezi ujao, mdogo wangu." Umekuwa ukisema hivyo tangu ulipoenda kumuuguza Baba. Mwanzoni nilikuwa nahesabu siku, nafagia chumba. Lakini Mama mdogo aliniambia jambo, si kwa umbea, alikuwa anakusifia. Alisema umepanda miche ya mikorosho kwenye lile eneo la nyuma ambalo Baba aliliacha, umechimba mashimo mwenyewe na Shemeji akibeba maji. Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa. Mikorosho mipya mpaka izae ni miaka. Mtu anayeipanda hajajiandaa kurudi Dar mwezi ujao.

Nadhani unasema "mwezi ujao" kwa ajili yangu. Unaogopa nitajiona nimeachwa. Na mimi nilikuwa nasema "timu ipo poa" kwa ajili yako, usione kwamba tunahangaika bila wewe. Tumekuwa tukidanganyana kwa upendo, kila mtu upande wake wa simu.

Sikufichi, siku ile baada ya kumjibu Kocha nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na nilikuwa najisikia kama niliyeuza kitu chako. Nilipofika nikakuta kitanda chako kimejaa viatu vya kuuza, kama kilivyokuwa kwa miezi, na ndipo nikaona kwamba hata mimi nilishajua. Niliumia, sitaki useme hapana. Lakini mazoezi yaliyofuata nilidaka vizuri kuliko nilivyodaka msimu mzima.

Ukikasirika, kasirika, una haki. Ukitaka kurudi kweli, sema neno moja tu, nitamfuata Kocha nimpigie magoti, na utagombea nafasi kama wengine. Ila kama unataka kubaki, baki kwa moyo wako wote, Kaka. Usikae Newala huku umeweka mguu mmoja Mchikichini kwa sababu yangu. Mimi nipo na watu.

Nisalimie Mama mdogo Zainabu, ambaye bila yeye sijui Baba angekuwa wapi. Shangazi Somoe mwambie vitenge vyake navitafuta, rangi aliyoitaka imepotea sokoni. Bibi mshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu. Shemeji Halima mwambie namshukuru kwa maji aliyoyabeba, na mtoto mwambie baba yake mdogo anamletea raba nyekundu. Kocha, Jayesh na Kassimu wanawasalimu wote. Method naye, amenisisitiza nisimsahau, na anakupa pole ya kumuuguza mzazi.

Idi Kubwa nitakuja, nimeshaongea na Mama Asha abaki na kizimba. Sitakuwa na haraka ya kurudi. Asubuhi, Baba akishakunywa uji, unipeleke nyuma ukanionyeshe miche.

Mdogo wako anayekupenda,

Issa