Kisanduku Nilichofuta Kimerudi

Uvira, Nyamianda
Tarehe 14 Juni 2019

Mupendwa kaka Basile,

Salamu nyingi toka kwa wote wa nyumbani. Uko namna gani huko Kalemie? Kile kikohozi kilipona? Sisi tunapumua. Mama analalamika magoti, lakini anakula vizuri, Mungu ashukuriwe.

Kazi uliyoniachia, ya kupanga upya site ya internet ya département yetu hapa chuoni, inaenda. Rangi nimebadilisha, menyu inafunguka hata kwenye simu ndogo, picha hazichelewi tena. Chef wa département alifurahi mpaka akaniita muhandisi. Nilicheka sana.

Sasa nikuambie kinachoninyima raha. Unakumbuka ukurasa wa wanafunzi na kile kisanduku cha kutafutia: unaandika kijiji cha asili, kinakutolea jina, picha na mahali mwanafunzi anakaa. Tulinakili tu kutoka kwenye fiche za kujiandikisha, hatukuwaza vibaya. Lakini tangu vita viwake kule Bijombo, minye niliona ni hatari, maana kijiji kinaonyesha kabila la mutu. Jumatatu nikakifuta.

Jumatano nilikikuta kimerudi, nikakifuta tena.

Jana watu wawili nisiowajua walifika mutaa wa Rugenge, moja kwa moja mpaka kwenye mulango wa Generose, yule wa Bijombo ninayesoma naye. Majirani wanasema walishika picha yake, ile ile ya kwenye site. Bahati alikuwa ziwani anafua. Amehama jana ile ile. Wapi, sikuandikii, hata weye.

Kaka, mot de passe, lile neno la siri la kufungulia site, tunayo watu wawili tu, minye na weye. Chef mwenyewe hana, hata kubadilisha tarehe ananiita. Nilijaribu kumushuku Gédéon wa secrétariat, maana anapenda kuchungulia ordinateri yangu, lakini siku hizo zote alikuwa Bukavu. Kila nikihesabu ninarudi kwako, na inaniuma.

Mot de passe nimeshaibadilisha. Barua hii namupa rafiki yangu Pélagie akuletee kwa mashua, sababu simu siiamini tena. Kama kuna mutu ulimupa, umuandikie Pélagie jina lake kwenye karatasi, arudi nayo. Kama ni weye, usimupe kitu. Nitaelewa.

Unisalimie shemeji Olga na mutoto Cyprien. Generose pia anakusalimu. Siku ya kuhama aliniuliza nani alinifundisha kazi hii, nikamutajia jina lako, akasema, "Umushukuru sana."

Mungu akulinde, akupe na moyo wa kuniambia kweli.

Dada yako, bado ninakupenda,
Bernardine